Nyumbani kwa Mgeni

Mwenye nyumba jina lake Mgeni.
Mgeni binti Faki, mzaliwa wa hapa hapa Limbani,
hajahama maishani ila mara moja,
kutoka chumba cha kaskazini kwenda cha kusini
kwa sababu ya kuvuja.
Mimi ndiye niliyeshuka Wete na masanduku mawili,
kipimo cha chumvi nimekiviringisha ndani ya soksi,
barua ya chuo, barua ya wizara,
na bado ikatakiwa ya sheha.

Sheha alisoma, akakwama kwenye jina.
"Ngoie. Hili hutamkwaje?"
Nikatamka. Akatamka. Tukakutana katikati.

Wiki ile kila apitaye dirishani aliita,
"Mgeni! Mgeni hoo!"
nami nikainuka, nikatafuta viatu,
nikatoka na tabasamu langu lote la Lubumbashi,
nikamkuta muuza dagaa
anatazama juu ya bega langu, anamtafuta mwenyewe.

Nilidhani Kiswahili ninacho.
Nimekinyonya kwa mama, nimetukanwa nacho sokoni,
nimekiotea ndoto.
Asubuhi ya kwanza jirani akaniuliza, "Waambaje?"
nikamjibu kwa adabu kwamba sijasema kitu.
Nikitaja bintu, watoto hulala chini kwa kicheko.
Siku ya tatu jembe sikupewa.
Mgeni alinituma nimletee mbuzi jikoni,
nikazunguka uani, nikachungulia hadi kwa jirani,
nikarudi mikono mitupu:
hayupo, labda kakata kamba.
Alicheka mpaka akashika ukuta.
Kisha akanikalisha juu ya huyo mbuzi wa mti,
meno yake ya chuma mbele yangu,
nikakuna nazi, na kidole kidogo.

Kazini kwangu mambo ni tarakimu.
Bahari inapanda mabonde ya mpunga,
nami naifuata kwa mashimo arobaini,
kila shimo na namba yake, kijiti na utepe.
Bi Mize wa konde ya saba haningoji nisome.
Huchovya kidole topeni, hukigusa ulimini, hutema.
"Hapa mwaka huu hapaoti."
Kipimo kinafikiri, kinalia, kinakubaliana naye.
Usiku naandika ripoti
na sijui ulimi wake niuweke safu ipi ya jedwali.

Umeme ni namba ishirini za kubonyeza gizani,
nami hupotea nifikapo ya kumi na nne.
Maji ya bomba huja saa nane za usiku,
hupiga ndoo kama mtu abishaye hodi
kwenye nyumba asiyoijua.
Najua sasa boflo hukwisha saa moja na robo.
Najua "nakuja" ya fundi haina miguu.

Mama kwenye simu: "Huko banakula bukari?"
Namwambia wali.
Ananyamaza, kama nimemwambia sili.
Sitaki kudanganya, siku ile nilijifungia chooni
nikalililia hilo donge la unga,
bomba nimelifungua nisisikike,
na bomba halikutoa tone.
Mgeni hakuuliza neno.
Alipitisha kikombe cha chai chini ya pazia,
sukari vijiko vinne.

Jana nilitia chumvi mchuzini kwa mkono, bila kijiko.
Akaonja. Akajiongezea wali.

Leo alasiri nasahihisha mitihani barazani,
kijana mmoja kaandika kurasa tatu nzuri
za jibu la swali ambalo sikuuliza,
mara sauti kutoka njiani: "Mgeni! Mgeni yupo?"
Kalamu yangu haikusimama.
"Kaenda msibani Utaani. Nimwambie kaja nani?"

Alikuwa yule yule wa dagaa.
Safari hii hakutazama juu ya bega.
Akanipimia mafungu mawili,
akatoa daftari lake lililolowa,
akaandika deni kwa jina langu,
kwa herufi alizozichagua mwenyewe.